Wasifu wa Baba: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Wahariri, baba yetu ametuacha akiwa na miaka 66. Alikuwa fundi wa mabomba, na kwa zaidi ya miaka kumi alijitolea kama mhudumu wa afya ya jamii huku Kayole, Nairobi. Mazishi ni Jumamosi ijayo, nami nimepewa kazi ya kuandika wasifu. Nimeandika "alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mwenye upendo" nikakwama. Nifanyeje?
Kifungua Mimba, Kayole

JIBU: Pole sana, dada, wewe, mama na wadogo zako. Umekwama kwa sababu maneno hayo husomwa katika kila mazishi. Yafute, uandike aliyoyatenda. Keti na mama nusu saa, simu ikirekodi, umuulize mambo ya kushikika: Baba aliamka saa ngapi, nani aliwapeleka watoto kliniki, akilipwa kibarua pesa ya kwanza ilienda wapi, Jumapili jioni alifanya nini. Ukipata sentensi kama "Kila Jumapili jioni alipaka viatu vyetu rangi, jozi nne, akavipanga mlangoni," hata mgeni atakuwa amemwona.

Kazi yake ya kujitolea ina kumbukumbu, usiiandike kwa kukisia. Wahudumu hawa wamekuwa wakiandikisha kaya katika daftari la Wizara ya Afya liitwalo MOH 513, na huduma walizotoa katika MOH 514. Kwa kawaida mhudumu mmoja hupewa kaya 100 hivi. Mwendee afisa wa afya ya jamii aliyemsimamia, au kituo alikopeleka ripoti, uulize mambo matatu: alianza mwaka gani, alikuwa na kaya ngapi, alizunguka sehemu zipi. Idadi na miaka zinatosha. Jina la mgonjwa lisitoke humo hata kidogo, kwani madaftari hayo yamebeba siri za watu kuhusu kifua kikuu, Ukimwi na mimba. Ukiyakuta nyumbani, yarudishe kituoni. Jirani anayetaka kushuhudia alivyosaidiwa, asimame aseme kwa kinywa chake.

Miaka ndiyo hukosewa sana. Mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ulianza 1989, kwa hiyo mtu wa umri wa baba yako hakuufanya. Tazama jina la mtihani lililo kwenye cheti chake. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilianza 2013. Kama aliajiriwa na jiji kabla ya hapo, mwajiri wake alikuwa Baraza la Jiji.

Majina ya familia yanataka ujasiri. Kama kuna mke mwingine au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, wazee wakae waamue kabla ya kitabu cha mazishi kupelekwa kwa mchapishaji, si makaburini. Vitabu vya mazishi vimewahi kufikishwa mahakamani katika kesi za urithi kuonyesha nani alitambuliwa na nani aliachwa. Kwa maoni yetu, mtoto ni mtoto: aandikwe.

Maneno 500 hivi husomwa kwa dakika tano kwa mwendo wa pole. Soma kwa sauti nyumbani ukitazama saa. Chapa nakala mbili zenye herufi kubwa, moja yako, nyingine ya ndugu atakayekaa karibu nawe, ili machozi yakikushinda aendelee pale pale ulipoachia.

SWALI: Mchapishaji wa River Road anasema picha ya marehemu "imekufa" na kurasa 10 za kitabu chetu cha mazishi hazikai vizuri. Tatizo ni nini?
Mpwa, Umoja

JIBU: Pole kwa msiba. Picha imeumizwa na WhatsApp, ambayo huipunguza ubora unapoituma kwa njia ya kawaida. Itume kama hati, au mpelekee fundi kwa flashi. Jalada la A5 likijazwa na picha linahitaji pikseli 1748 kwa 2480 hivi. Kama iliyopo ni ya karatasi, iskaniwe. Ukiipiga kwa simu utapata mng'ao wa taa.

Kuhusu kurasa, karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo kitabu kiwe na kurasa 8 au 12. Kwa zile 10, ongezeni wimbo mmoja na ukurasa wa shukrani. Nambari ya kitambulisho cha marehemu isiingie. Nambari ya mchango ibaki kwenye tangazo la familia, pamoja na jina la mwenye laini, kwa kuwa matapeli huiga nambari hizo.