Redio ya siasa ndo ilinishika mkono

Juzi msomaji mmoja kaniandikia ananiuliza, "We unawezaje kusikiliza siasa kutwa nzima na hali ilivyo mbaya hivi, presha haikupandi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana kanigusa penye kidonda.

Mi niliachishwa kazi kipindi kilekile cha uchaguzi, na kaka yangu tukakosana kisa kura, mpaka leo hatupigiani simu (hata msibani alinipita kama hanijui, ila tuyaache hayo). Nyumba ikawa kimya. Mitandaoni ndo usiseme, kila ukifungua ni matusi. Nikabaki na karedio kadogo ka betri.

Mtaniambia siasa inaongeza hasira. Inategemea. Kipindi cha kupiga simu kina utaratibu wake: mtu anasubiri zamu, anataja jina na anakopigia, anamwaga yake, anakatwa, anaingia mwingine anampinga mwanzo mwisho, na kesho wote wawili wanapiga tena. Wanagombana ila hakuna anayesusa. Mi niliyesuswa na ndugu wa damu, we acha tu, ilikuwa dawa.

Usiku ndo palikuwa patamu. Kwenye AM (yale masafa ya kati ya redio) jua likizama lile tabaka la angani linalomeza mawimbi mchana linatoweka, mawimbi yanadunda juu zaidi na kuangukia mbali, kwa hiyo ukizungusha kitufe polepole unadaka stesheni ya nchi usiyowahi kuikanyaga, sauti inakuja inapotea inakuja, mzee wa watu anafoka kuhusu kodi zao. Najisemea, kumbe na huko wamechoka!

Na sikuanza mimi. Machi 12, 1933, benki za Marekani zimefungwa na watu wana hofu na akiba zao, Rais Franklin Roosevelt aliingia redioni akaeleza kwa lugha nyepesi benki inafanya nini na hela ya mtu. Kesho yake zilipoanza kufunguliwa watu wakapanga foleni kurudisha pesa walizotoa. Hakuwagawia chochote, aliwaelewesha tu, na mtu akieleweshwa analala.

Sasa ushauri. Chagua mtangazaji anayemwacha mpinzani amalize sentensi, huyu anayekata watu kila saa atakuharibia siku. Zima kabla hujapanda kitandani (mi mwenyewe hili linanishinda). Na piga simu jamani, msikae kusikiliza tu! Mi nilisubiri dakika arobaini, nikapokelewa, nikasema "haloo" na redio yangu inanguruma pembeni, mtangazaji akanifokea laivu, "Punguza redio yako!" Nikaizima huku mkono unatetemeka, nikaongea sentensi mbili kuhusu watu walioachishwa kazi, nikakatwa. Aliyefuata akasema, "Namuunga mkono aliyepita." Aliyepita ni mimi! Wiki nzima nilitembea kifua mbele. Nyie mnaokaa ndani mnalialia kwamba hamna wa kuwasikiliza, namba ya simu inatajwa kila baada ya dakika kumi, mnangoja nini?

Kile kipindi bado kipo na bado nakisikiliza. Kaka naye ni wa stesheni hiyohiyo tangu tukiwa wadogo, kwa hiyo akiingia mpigaji mwenye sauti nzito kabla hajataja jina, naongeza sauti.