Mota ya babu imeandikwa ASEA, hii kampuni imekwenda wapi?

SWALI: Asalaam aleikum. Babu yetu hapa Wete ana mota kongwe ya kinu cha kusagia, nzito watu wanne hatuinyanyui, kibao chake kimeandikwa ASEA Västerås. Imeungua, na fundi anasema kampuni ilishakufa zamani bora tumuuzie mtu wa shaba chakavu. Kweli ilikufa? Na ilikuwa ya nani? – Msomaji, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza nakuomba hiyo mota msiiuze, nakuomba kwa dhati, ntakwambia kwa nini.

ASEA ni ya Uswidi, na Västerås ndo mji walipoweka kiwanda. Ilianza Stockholm 1883, Ludvig Fredholm alifungua kampuni atengeneze dainamo alobuni kijana mmoja, Jonas Wenström, kisha 1890 wakaungana na kampuni ya Göran, nduguye Jonas, ndo likazaliwa jina ASEA. Huyo Jonas mimi nampenda sana. Alikuwa na ulemavu wa mgongo, lakini 1890 huo huo akasajili mfumo wake wa umeme wa fezi tatu, jenereta, transfoma na mota, vyote vya mtu mmoja. Wajerumani na Wamarekani nao walikuwa wanaikimbilia fikra hiyo hiyo, lakini yeye alifika kwa njia yake.

Fezi tatu ni hivi: umewahi kuona wanawake watatu wanatwanga kinu kimoja kwa zamu? Mchi mmoja unapanda, mwengine uko njiani, wa tatu unashuka, kinu hakipumziki hata kidogo. Waya tatu zinaisukuma mota ya babu vivyo hivyo, ndo maana inajiwasha yenyewe na haitetemeki. 1893 wakapeleka umeme huo toka maporomoko ya maji ya Hellsjön mpaka machimbo ya chuma ya Grängesberg, na mwaka huo huo Jonas akafariki, ana miaka 38 tu.

Baadae kampuni ikakua, treni, transfoma, mpaka almasi za kutengeneza walizipata 1953. Ila kwa sisi watu wa visiwani kubwa ni la 1954, kisiwa cha Gotland huko huko Uswidi. Kisiwa kiko mbali na bara, waya wa baharini karibu kilomita 100, na AC, umeme wa kugeuka mwelekeo kila mara kama huu wa majumbani, ukiipitisha kwenye kebo ndefu vile chini ya maji umeme mwingi unaishia kuijaza na kuimwaga kebo yenyewe, mara 50 kila sekunde, kinachobaki cha kutumia ni kidogo. Injinia Uno Lamm alikaa zaidi ya miaka 20 anahangaika na vali za zebaki za kugeuza AC kuwa DC, umeme wa kwenda upande mmoja tu usioijaza na kuimwaga kebo kila mara, na kuirudisha tena, mpaka akafanikiwa, megawati 20 zikavuka bahari. Kebo zetu, ile ya Unguja inayoingilia Fumba na ile ya Pemba ilokuja 2010 toka Tanga, ni za AC, lakini sie tulokaa Unguja karibu mwezi mzima gizani 2008 tunajua kebo ya baharini ni roho ya kisiwa.

Sasa kufa, haikufa. 1988 iliungana na Brown Boveri ya Uswisi ikawa ABB, makao makuu Zürich, na ABB iko mpaka leo. Upande wa gridi na zile kebo za DC walimuuzia Hitachi sehemu kubwa 2020, kwa hiyo kazi ya Lamm sasa iko kwa Wajapani.

Turudi kwa mota. Mota kuungua mara nyingi ni koili tu, zile nyaya zilozungushwa ndani, chuma na shafti viko salama, na mimi nshaona kongwe kama hiyo imesukwa upya ikasaga tena. Sugua kibao taratibu kwa kitambaa na mafuta ya taa, sio msasa utafuta maandishi, utafute 50 ya saikeli (ule mgeuko wa umeme wa mara 50 kila sekunde) na volti 380 au karibu yake. Ukiziona, inakubali umeme wetu. Mtafute fundi mwengine, na kabla hajakata waya wa zamani mwambie ahesabu mizunguko ya kila koili aandike, na wewe ukae na karatasi hiyo.