Kwa nini wa boda anang'olewa jino na wa benki anazibiwa

Kaka, umeuliza kwa nini mtu wa benki anazibiwa jino na wa boda linang'olewa wakati ugonjwa ni uleule. Shida kubwa ni bima na muda. Benki na mashirika makubwa Kampala huwakatia wafanyakazi bima, na meno mara nyingi yamo ingawa kuna kikomo, kwahiyo yule wa benki anaenda mapema jino likiwa na katundu kadogo. Wa boda, askari wa getini, mama wa sokoni, siku asipofanya kazi hajala, basi anabugia dawa za maumivu za dukani miezi na miezi mpaka shavu livimbe, na hapo jino lishaoza hadi mzizi, kuliokoa ni kusafisha mizizi, na hiyo mara nyingi ni kliniki binafsi na hela ndefu. Hospitali za serikali hapa Uganda ada zilifutwa 2001, sawa, lakini huduma ya meno kwa kawaida utaipata kuanzia kituo cha afya cha ngazi ya nne, yaani ngazi iliyo chini tu ya hospitali, na vifaa vya kuziba vikiisha kinachobaki ni ganzi na koleo. Mswada wa bima ya afya ya taifa nao ulipita bungeni 2021 ukakwama. Mwalimu wa serikali pia usimwonee wivu, kwa kawaida hana bima ya kazini, analipa mfukoni kama wa boda.