Kutafiti jinsia katika hadithi za kisayansi: pa kuanzia kwa mwandishi wa Kiswahili

Mwandishi anaweza kuwapeleka watu wake hadi sayari ya mbali na bado akawaacha wanawake mekoni. Ndiyo maana utafiti huu humfaa hata asiyetaka kuwa mhakiki: anayeufanya kwa makini huanza kusikia yale ambayo kalamu yake imezoea kusema bila kuulizwa.

Kifaa ni daftari tu. Isome hadithi mara ya kwanza kwa raha. Mara ya pili chora safu nne: nani anazungumza, nani anashika mitambo, nani analea au kupika, nani anarithi. Jaza sura kwa sura pamoja na namba za kurasa. Wengi huiruka safu ya nne, nayo ndiyo yenye habari. Kosa la kila siku ni kuhesabu wanawake na kutosheka. Nahodha wa chombo ni mwanamke, sawa. Je, kuna lolote analoamua? Amri yake ikipingwa, hadithi inampa nani haki?

Anza na Sultana's Dream ya Rokeya Hossain, iliyotoka India mwaka 1905. Utaimaliza kwa kikao kimoja. Humo wanaume ndio wanaofungiwa ndani, na wanawake wanapika kwa nguvu za jua. Kisha shika The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin (1969), ambamo watu wa Gethen hawana jinsia ya kudumu; huwa wa kike au wa kiume kwa siku chache tu za kila mwezi. Le Guin aliwataja kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza. Wasomaji walilalamika kwamba wanaona wanaume watupu, na baadaye yeye mwenyewe akakubali kwamba lawama ina msingi.

Sisi hapo tunajiona tumepona, kwa sababu "alikuja" hakusemi ni nani, kwa Kiswahili wala kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Tusishangilie mapema. Jinsia huingia kwa mlango wa nyuma: kuoa na kuolewa, shangazi na mjomba, majina ya kiume na ya kike kama Otieno na Atieno ya Wajaluo, Wafula na Nafula ya Waluhya, na viambishi Kip- na Chep- vya majina ya Wakalenjin. Andika ukurasa mmoja kuhusu fundi wa sola pale Kondele, mtaa wa Kisumu, bila jina na bila maneno ya aina hiyo. Mpe mtu asome, ndipo umuulize fundi amevaa nini. Ukiuliza kabla, umemshtua na jibu limeharibika.

Jaribio la pili: mgeuze Wafula wa hadithi yako kuwa Nafula kote, usiguse kingine. Sentensi zitakazokwaruza zipigie mstari, lakini usizirekebishe bado. Kwa kila moja amua kama hiyo ni sheria ya ulimwengu uliouunda au ni mazoea yako uliyoyabeba kutoka nyumbani. Sheria ibaki, tena ieleweke inamgharimu nani. Mazoea yafutwe.

Wala usidhani mambo mageni yako angani tu. Kwa Wanandi wa Kenya, mwanamke wa makamo asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke kwa mahari ili nyumba yake ipate mrithi, na kwa desturi huhesabiwa mwanamume. Msingi wake ni mifugo na ardhi. Anayeisimulia kama habari ya mapenzi amepotoka. Ukiketi na kogo, yaani bibi wa Kinandi, anayeijua desturi hiyo, usimwulize jinsia ni nini. Uliza mahari ilitolewa na nani, mtoto anaitwa wa nani, na kwenye sherehe huyo mwoaji huketi upande gani. Omba ruhusa kabla ya kuandika, na majina ya watu yasiingie kwenye hadithi.

Ukitaka zoezi la kufungia, nenda Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria huko Kisumu. Wanaume wengi huvua. Wanawake hununua, hukaanga na kuuza. Sasa weka ziwani boti zinazojivulia zenyewe. Aliyepoteza kazi ni mvuvi, na soko bado liko mikononi mwa akina mama. Rasimu nyingi hukosea papo hapo: mashine ikifika, wanawake wanatoweka ufuoni na mwanamume anakuwa mhandisi. Andika kurasa tano za mama samaki akijadiliana bei na mwenye boti kabla hujaeleza injini inavyofanya kazi.