Wape kazi ya mikono kwanza, ndege watawaona wenyewe

Jumamosi ya kwanza nilikuja na karatasi yenye majina ya miti. Walikuwa vijana 9 wa Tottenham, wa miaka 12 hadi 16, wazazi wao wametoka Kongo, Kenya, Somalia, Ghana na Jamaika. Nikasimama mbele yao nikawasomea. Wiki iliyofuata walirudi watatu.

Sasa ni mwaka wa tano naendesha warsha hizi za sanaa na mazingira kwa vijana weusi huku kaskazini mwa London. Mtu akiniuliza aanzeje za kwake, namwambia asianze na somo. Aanze na kitu cha kushika.

Chetu sisi ni picha za buluu za jua. Njia yenyewe aliigundua John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kutoa kwayo picha za mwani, bila kamera. Nunua karatasi zilizokwisha kupakwa dawa inayogeuka rangi ikipigwa na jua, uzifiche kwenye bahasha nyeusi. Kijana anaokota jani au unyoya, analipanga juu ya karatasi, anafunika kwa kioo cha plastiki, anaweka juani. Jua la hapa ni la kuvizia: siku angavu dakika chache tu zinatosha, kukiwa na mawingu tunangoja hata nusu saa. Halafu karatasi inaoshwa kwenye beseni. Ile rangi ya kijanikijani inatoka na maji, buluu inakolea, na pale lilipolala jani panabaki peupe, pengine hadi vimishipa vyake unavihesabu. Binti mmoja ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi aliinamia beseni, kisha akageuka akaniuliza, "Shangazi, huu mti unaitwaje?" Hapo ndipo unapolitaja jina la mti.

Na hiyo nusu saa ya kungoja usiijaze maneno. Wakikosa la kufanya wanainua macho, na juu kuna ndege.

Mambo ya vibali, bima na sahihi za wazazi yamalize mapema, hayana njia ya mkato. Linalosahaulika ni nguo. Kijana asiye na viatu vya tope hatakuambia hana. Atakuambia anaumwa tumbo. Mimi hununua mabuti ya mitumba ya saizi zote na kuyapanga mlangoni, kila mtu achukue bila kuomba. Nywele nazo ni jambo zito. Msichana aliyenyoosha nywele jana hawezi kutoka kwenye mvua, na ana haki yake. Weka kofia pana za mvua, zinazoingia rasta na afro. Chakula kiwe ambacho wote watakula. Kwetu ni wali na kuku wa halali.

Wazazi ndio walionifundisha zaidi. Mama mmoja wa Nyeri aliniambia, "Dada, nimevuka bahari ili mtoto wangu asikate kuni. Wewe unamrudisha porini?" Sikubishana naye, kwa sababu anazijua kuni kuliko mimi. Nilimwomba aje siku moja tu kwenye bustani ya mtaa tunayolima. Alipofika kando ya uzio akasimama ghafla: "Hii si thabai?" Thabai ni majani ya kwao yanayowasha lakini huliwa. Hii ilikuwa ndugu yake wa Ulaya, inawasha vilevile. Akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akachuma vile vichwa vichanga, huku akieleza namna kwao inavyopondwa pamoja na viazi na mahindi. Mwanawe akawa anawatafsiria wenzake kwa Kiingereza, na uso wake siku ile ulikuwa mwingine kabisa.

Kuna na hili, wala usilikwepe. Vijana weusi kumi wakisimama bustanini wakitazama vichakani, nao watatazamwa. Wangu walikuwa wameiona video ya Christian Cooper, yule mtazama ndege mweusi wa New York, ambaye mwaka 2020 mwanamke mmoja alimpigia polisi simu baada ya kuombwa amfunge mbwa wake kamba. Katika bustani moja bwana mmoja alitufuata akitaka kujua tunatafuta nini. Nilimjibu kwa upole, nikaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikosea. Vijana wawili hawakurudi tena. Sasa tunakaa chini palepale, tunalizungumza mpaka liishe, ndipo tuendelee. Na wiki moja kabla napigia simu walinzi wa mahali tunapokwenda, ili mmoja atupokee getini na kuwasalimia vijana.

Chagueni mahali pamoja mparudie. Sisi tunakwenda Walthamstow Wetlands, mabwawa kumi ya maji ya jiji yaliyofunguliwa kwa wananchi Oktoba 2017. Kuingia ni bure, na kwenye mabasi ya London watoto wenye kadi ya usafiri ya Zip hawalipi. Vijana waliokuja mara kumi hawaulizi tena njia. Wao ndio wanaowaonyesha wageni.

Kama unaanza mwakani, anza Machi kabla miti haijatoa majani. Korongo wa kijivu wanakuwa wameshajenga kwenye vile visiwa vya bwawani, na viota vyao vikubwa vya vijiti vinaonekana wazi. Darubini moja ya kupokezana inatosha.