Maswali Yenu: Ndoo ya Maji, Mbigili na Sanduku Lililofungwa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa walimu na wazazi wanaoandaa timu za UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na ya sekondari, katika halmashauri za mkoa wa Dodoma. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

*Tunafanya mazoezi saa nane mchana, mara baada ya masomo, maana wengine wanatembea kilomita tano kufika nyumbani. Juzi watoto watatu wameanguka siku moja. Ni jua au ni njaa?*
Mwalimu wa michezo, shule ya msingi, Bahi

Ni vyote viwili, Mwalimu, na mara nyingi njaa hutangulia. Mtoto aliyekunywa uji saa kumi na mbili asubuhi na asile tena, hadi saa nane mchana amekaa saa nane nzima tumbo tupu. Kama shule haina chakula cha mchana, saa hiyo wafundishe kanuni na mbinu chini ya mti, mbio ziachwe kwa wakati mwingine.

Anzeni saa 10:00 jioni na mmalize saa 11:00. Giza la Dodoma huingia karibu saa 12:30, na mtoto wa kilomita tano anahitaji saa moja na kidogo njiani, kwa hiyo msimzidishie hata dakika kumi za "penalti za mwisho". Apate kitu saa moja au mbili kabla: uji wa uwele, viazi vitamu au karanga za kuchemsha. Si lazima kiwe kingi.

Maji yapigiwe hesabu. Kadiria mililita 200, yaani kikombe kidogo, kwa kila mtoto kila baada ya dakika 20. Watoto 30 kwa saa moja watakunywa lita 18, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 yenye koki inatosha, ikiwa na maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kila mmoja aje na kikombe chake, la sivyo kikohozi cha mmoja kitakuwa cha timu nzima. Kwa mazoezi ya saa moja chumvi na sukari hazihitajiki. Wapo makocha wanaowanyima watoto maji ili "wazoee ugumu", au wakidai maji yanaharibu tumbo la mchezaji. Linalosumbua tumbo ni kugugumia nusu lita kwa mkupuo kisha kukimbia. Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14, na kunyimwa maji hakuharakishi chochote. Wiki ya kwanza dakika 30 zinatosha, kisha ongezeni polepole.

Akianguka, mlazeni kivulini na mmwulize jina lake na alipo. Akijibu sawasawa, mpeni maji kidogo kidogo, na siku hiyo asirudi uwanjani. Akiweweseka, akipepesuka au asipojua alipo, hiyo ni dharura. Mvueni viatu na fulana, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mtu mwingine akitafuta gari. Mwili upozwe kwanza, safari ifuate, na mkiwa njiani endeleeni kummwagia. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Parasetamoli haifanyi kazi kwa joto la aina hii. Aliyekuwa na homa tangu asubuhi hakupaswa kuwa uwanjani: apelekwe zahanati apime malaria, kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20.

*Mwanangu wa darasa la sita ana pumu na anapenda mpira wa pete. Mwalimu amemwondoa timuni akisema hataki lawama. Ana haki?*
Mama, Kibaigwa

Hofu ya mwalimu tunaielewa, mama, ila uamuzi wake si sahihi. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kucheza, na mazoezi humsaidia. Nenda zahanati au kituo cha afya uombe maelezo ya maandishi: dawa gani, mivuto mingapi, wakati gani. Nakala moja mpe mwalimu. Utaratibu wa kawaida ni mivuto miwili ya salbutamoli, dawa ya pampu inayofungua njia ya hewa, dakika 15 kabla ya mchezo, kisha kupasha mwili moto taratibu kwa dakika 10 hadi 15. Mtoto anayebanwa akikimbia mara nyingi amerukishwa hatua hiyo ya pili.

Dawa isipofika kifuani ni kama haikutolewa. Ili ifike, avute kupitia chupa: chukua ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako chake tundu linaloenea mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa utepe wa gundi. Ioshe kwa maji ya sabuni, usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, naye avute hewa kupitia mdomo wa chupa mara tano au sita kabla hujabonyeza tena. Akibanwa akiwa mchezoni, aketi wima na apewe mvuto mmoja mmoja kwa njia hiyo, hadi kumi. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mwezi Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukiwa mkavu wenye baridi na vumbi, hali huwa ngumu zaidi, hivyo nyunyizeni maji uwanjani kabla ya kuanza. Pampu ikae mfukoni mwa mtoto au kwenye mkoba wa kocha. Isikae ofisini.

*Sanduku la huduma ya kwanza liwe na nini, na nani agharamie?*
Mwalimu wa afya, Mpwapwa

Kwa timu ya watu 20: bandeji za kuvutika 4, pakiti za shashi 20, plasta pana moja, jozi 10 za glovu, sabuni, chupa ya maji safi ya lita moja, pakiti 5 za chumvi ya kuongeza maji mwilini, mkasi, kibano cha kutolea miiba, na khanga mbili za kufungia mkono uliovunjika. Spiriti iacheni. Inachoma na kuumiza kidonda, na maji mengi na sabuni husafisha vizuri zaidi.

Kibano hicho ni kwa ajili ya mbigili. Mvua zikiisha, mbigili hutambaa katika kila kiwanja cha udongo, na wengi wanacheza peku. Fagieni uwanja siku moja kabla ya mechi, si asubuhi yake. Mwiba uliozama ndani, au jeraha lenye udongo, lipelekwe zahanati wakaangalie chanjo ya pepopunda.

Kifundo kikiteguka, barafu haipo vijijini lakini mtungi upo: kitambaa kilicholowa maji baridi, dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa mbili au tatu siku ya kwanza. Fungeni bandeji bila kukaza na mguu uinuliwe. Msichue wala kukanda kwa maji ya moto siku hiyo, uvimbe utaongezeka. Asipoweza kupiga hatua nne, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, anahitaji picha ya eksirei.

Damu ya pua, ambayo ukavu wa huku huileta sana: ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuchungulia. Akiinua kichwa nyuma ataimeza.

Gharama ipitishwe na kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, na iingie kwenye bajeti kabla ya Julai mosi. Na tunaomba jambo moja: ufunguo. Sanduku lililofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu siku ya Jumamosi ni pambo.

*Mwanangu alipewa dawa za minyoo na kichocho shuleni, akatapika, na mechi ilikuwa kesho yake. Dawa zilikuwa mbovu?*
Baba, Chamwino

La. Albendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 400, haisumbui sana. Yenye kichefuchefu na kuumiza tumbo ni prazikwanteli, ambayo idadi ya vidonge hupimwa kwa kimo cha mtoto, na akiimeza na njaa huwa mbaya zaidi. Shule iwape uji kwanza, na ratiba ya dawa isigongane na ya michezo. Mtoto anayekojoa damu asisubiri kampeni, aende zahanati sasa. Akiendelea kuoga lambo lile lile, ataambukizwa tena.

*Shikamooni. Niko kidato cha pili na nacheza mpira wa wavu. Nikiwa kwenye siku zangu matroni ananizuia. Pia huwa nachoka sana.*
Msichana, Kondoa

Marahaba, mdogo wetu. Hedhi haizuii mchezo. Vaa taiti nyeusi, badilisha taulo kila baada ya saa nne hadi sita, na chumba cha kubadilishia kiwe na maji na mlango unaofungwa. Hilo la mlango na maji ndilo matroni alishughulikie.

Uchovu usiupuuze. Ukilazimika kubadilisha taulo kila saa kwa wingi wa damu, au hedhi ikikosekana miezi mitatu, nenda ukapimwe, pamoja na wingi wa damu mwilini. Chai baada ya chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, yanayojenga damu, yaliyo kwenye uwele na mboga. Badala yake kunywa juisi ya ubuyu, ina vitamini C inayosaidia kuyafyonza, na mibuyu hamjaikosa.

*Wachezaji wawili waligongana vichwa. Mmoja alizimia sekunde chache, akaamka, akaomba kurudi. Tulimruhusu.*
Kocha, Chemba

Hamkupaswa. Aliyezimia, aliyechanganyikiwa au anayeona maluweluwe harudi siku hiyo hata kama ni fainali na amebaki yeye tu. Asiachwe peke yake kwa saa 24. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia isivyo kawaida au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali. Shingo ikiuma asipandishwe bodaboda: alazwe bila kusogezwa hadi gari lije. Kurudi uwanjani ni baada ya daktari kumruhusu, kwa hatua, akianza na kutembea, kisha kukimbia polepole, kisha mpira bila kugongana, kila hatua siku yake. Kichwa kikiuma tena, arudi hatua moja nyuma.