Mguu kifundo: plasta hunyoosha, viatu ndivyo vinavyolinda

Mtoto akizaliwa wayo umegeukia ndani na kisigino kimepanda juu, hali iitwayo mguu kifundo, swali la kwanza nyumbani huwa ni nani kamfanya hivi. Hakuna. Mama hakumcheka mlemavu, na hakuna mwiko uliovunjwa. Kwa watoto walio wengi sababu kamili haijulikani. Kinachojulikana ni kwamba urithi una mchango, kwa kuwa hali hii hujirudia katika baadhi ya familia, na wavulana huipata karibu mara mbili ya wasichana. Duniani kote ni takriban mtoto mmoja katika kila 1,000, na karibu nusu yao huwa nayo miguu yote miwili. Kwa wachache mguu ni dalili ya jambo kubwa zaidi, kama mgongo wazi au viungo vilivyokakamaa mwili mzima, kwa hiyo mkunga amkague mtoto mgongo na nyonga, asiishie miguuni.

Si kila wayo uliopinda ni kifundo. Usukume polepole kuelekea nje na juu. Ukifika mahali pake bila shida, huenda ulikuwa umebanwa tu tumboni. Ukigoma, usiulazimishe, na usimpe mtu akande kwa maji ya moto na kuufunga kwa vitambaa. Ukiusukuma juu kwa nguvu wakati kisigino bado kimekaza, wayo hukunjikia katikati na kubinuka chini kama sehemu ya chini ya mtumbwi, na mguu wa namna hiyo ni mgumu kutibu kuliko ule aliozaliwa nao.

Tiba inayotumika Uganda ni ya Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Hutolewa hospitali ya Mulago jijini Kampala, hospitali ya CoRSU pale Kisubi, na katika hospitali za rufaa za mikoa, mara nyingi na maafisa wa mifupa wala si lazima daktari mpasuaji. Wiki mbili za kwanza za maisha ndizo bora kuanza, kwa kuwa kano bado ni laini. Aliyechelewa naye apelekwe. Hata mtoto anayetembea hutibiwa kwa njia hiyohiyo, ila huchukua muda zaidi.

Kila wiki wayo hunyooshwa kwa mkono dakika chache, kisha hufungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza na haizuii mguu kujizungusha, kwa hiyo ukiiona uliza. Plasta ya kwanza huinua upande wa kidole gumba ili upinde wa unyayo ushuke. Mzazi hudhani imezidisha kasoro, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Zinazofuata hugeuza wayo nje kidogo kidogo, hadi nyuzi 60 au 70. Kwa kawaida ni plasta tano hadi saba. Kila mara mhudumu hupima ukali wa kasoro kwa alama ziitwazo za Pirani, kuanzia 0 hadi 6. Omba uonyeshwe, zinapaswa kushuka.

Nyumbani, tazama vidole. Vibonyeze, viwe vyeupe, kisha rangi irudi mara moja. Vikiwa vimevimba, baridi au rangi ya zambarau, rudi siku hiyohiyo. Vidole vikianza kupotelea ndani, plasta imeteleza na itamchubua bure. Nepi ifungwe juu ya ukingo wa plasta, mkojo usiingie. Plasta iondolewe kliniki, muda mfupi kabla ya kufungwa nyingine. Wanaoiloweka nyumbani jioni ya kuamkia safari hufika na mguu ulioanza kurudi.

Kwa watoto wengi kisigino hubaki juu, na hapo kano yake hukatwa baada ya sindano ya ganzi, kidonda kidogo kisichohitaji kushonwa. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu ili kano iunge ikiwa ndefu.

Sasa mguu umenyooka, na hapa ndipo familia nyingi huacha. Tuseme wazi: viatu maalumu vinavyofuata plasta visipovaliwa, plasta zote hizo zilikuwa kazi bure, kwa maana kilichovuta wayo ndani bado kimo na huendelea kuvuta miaka kadhaa. Viatu hivi viwili huunganishwa na fito ya chuma yenye upana wa mabega ya mtoto. Ikiwa fupi, mtoto huhangaika. Kiatu cha mguu uliotibiwa hutazama nje nyuzi 60 hadi 70, cha mguu usio na kasoro 30 hadi 40. Aina ya Steenbeek, ya ngozi, mbao na chuma, ilibuniwa hapahapa Kampala, katika kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa Cheshire Home, kwa vifaa vinavyopatikana nchini.

Huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, saa moja iwe ya kuoga. Kisha ni usiku na usingizi wa mchana, saa 12 hadi 14, mpaka miaka minne au mitano. Valisha soksi ya pamba, anza na mguu mgumu zaidi, kunja goti, sukuma kisigino kikae chini kabisa, ndipo ukaze kamba. Malengelenge kisiginoni mara nyingi hutokana na kiatu kilicholegea, si kilichobana. Usipake mafuta, kaza vizuri. Usiku wa kwanza atalia. Shika fito, kunja na kunyoosha miguu yote miwili pamoja mpaka aelewe kwamba hutembea pamoja. Bibi akimhurumia na kuvivua usiku, mwelezeni mapema, maana yeye ndiye mara nyingi hubaki na mtoto. Vidole vikivuka ukingo wa kiatu, ni wakati wa pea kubwa.

Kisigino kikianza kuacha kugusa chini, au mtoto akikanyagia ukingo wa nje wa wayo, usisubiri miadi ijayo. Plasta mbili au tatu mara nyingi hurejesha, kisha viatu tena. Akishatimiza miaka mitatu na wayo bado unavutwa ndani akitembea, kano moja ya mbele huhamishwa upande wa nje kwa upasuaji.